Mtambo wa taka kuwa umeme ndani ya kontena, unafaa kweli au ni maneno ya muuzaji tu?

FundiKambi:

Habari zenu wakuu, naomba mawazo yenu kabla hatujasaini kitu. Niko kwenye timu inayosimamia kambi ya muda, watu karibu elfu moja, iko mbali na gridi kwa hiyo umeme wote ni wa jenereta za dizeli, na dizeli yenyewe inaletwa na lori kwenye barabara ambayo mvua ikikolea haipitiki. Taka zetu ni kama tani moja kwa siku, kila kitu humo humo, mabaki ya jikoni, maboksi, chupa, mifuko, nguo zilizochakaa, vipande vya mbao. Kwa sasa zinatupwa shimoni na kuchomwa, jioni upepo ukigeuka moshi unaingia hadi tunakolala na watu wanakohoa usiku kucha.

Sasa kuna muuzaji ametuletea maelezo ya mtambo wake. Anasema ni kontena moja la futi 20, linapanda kwenye trela, kambi ikihama na lenyewe linahama. Unaingiza taka "kama zilivyo", huchagui chochote, upande wa pili unapata umeme kilowati 100 mchana na usiku, na tani yetu moja kwa siku inatosha kabisa kuliendesha. Wakubwa wameshaupenda. Mimi roho yangu inasita ila sina hoja ya kusimamia, mimi ni fundi umeme, haya mambo ya gesi na matanuri siyajui kwa undani. Kuna mtu amewahi kufanya kazi na hizi mashine? Zinafanya kazi kweli? Na nimuulize nini huyu bwana akirudi?

---

Mpuliza_Tanuri:

Mkuu msisaini kwanza. Chukua kalamu tupige hesabu pamoja maana hii haihitaji utaalamu wa matanuri, wewe fundi umeme utaiona mara moja.

Kilowati 100 mara saa 24 ni yuniti (kilowati-saa) 2,400 kwa siku. Zitoke wapi? Taka mchanganyiko ambazo si kavu sana wala si mbichi sana zina joto kama megajuli 8 kwa kilo, kwa hiyo tani moja ina megajuli 8,000, gawa kwa 3.6 maana yuniti moja ni megajuli 3.6, unapata yuniti 2,222. Na hizo ni yuniti za joto, yaani nguvu yote iliyomo ndani ya taka, hata kidogo isipotee. Huyo bwana anawaahidi umeme mwingi kuliko joto lote lililomo kwenye taka zenyewe! Hakuna injini duniani ya kufanya hivyo. Labda hizo 100 ni ukubwa wa jenereta iliyofungwa humo ndani na sehemu kubwa ya umeme inatokana na dizeli, hilo linawezekana sana, muulize.

Hesabu ya ukweli iko hivi. Gasifaya nzuri, yaani tanuri linalopika taka kwa hewa kidogo mpaka zitoe gesi ya kuendesha injini, inahamisha kama asilimia 70 ya joto la taka kwenda kwenye gesi. Injini ndogo inageuza kama robo ya hiyo kuwa umeme. Umebaki na yuniti 390 hivi. Hapo mtambo wenyewe unakula, feni, mashine ya kukatakata, pampu, kikaushio, toa moja ya tano, unabaki na yuniti kama 310 kwa siku, ambazo ukizisambaza kwa saa 24 ni kilowati 13. Kumi na tatu. Si kitu cha kudharau kwa kambi isiyo na gridi, lakini si mia.

Halafu hilo neno "kama zilivyo" ndilo linanitisha kuliko hata hizo namba. Nimefanya kazi na mitambo ya gesi ya kuni muda mrefu na baadaye kidogo kwenye mtambo wa majaribio wa taka, nikueleze nilichokiona. Nguo na kamba zinajisokota kwenye shafti ya mashine ya kukatakata mpaka meno hayaonekani tena, unazima, unaingia na kisu unakata utepe mmoja mmoja, saa nzima imekwenda. Plastiki laini ikifika sehemu yenye joto inayeyuka kabla haijaungua, inashikana na karatasi, inatengeneza daraja pale shingoni, juu kumejaa taka na chini tanuri linakaa na njaa. Vioo na mchanga vinayeyuka vinaganda juu ya wavu wa majivu, hewa haipiti sawasawa, upande mmoja unakuwa mwekundu na mwingine umepoa. Ukipoa tu umeshazalisha lami. Na lami ndiyo inayoua injini. Kuna injini tulifungua baada ya wiki chache za kulishwa gesi chafu, shina la valvu ya kuingizia lilikuwa limevaa lami nyeusi ngumu, unaisukuma valvu kwa dole gumba inashuka, hairudi. Hiyo injini ilikuwa mpya.

Gasifaya inataka chakula cha aina moja, saizi inayolingana, unyevu usizidi asilimia 20. Ukiipa hivyo inakutii. Teknolojia yenyewe ya zamani na inaeleweka vizuri, Georges Imbert alitengeneza yake ya kuni miaka ya 1920, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia magari kwa mamia ya maelfu yalitembea Ulaya kwa gesi ya kuni kwa sababu mafuta yalikuwa hayapatikani. Lakini zilikuwa kuni, zimekaushwa, zimekatwa vipande. Hakuna aliyetupia humo maganda ya ndizi na viatu vya plastiki.

---

Afya_Kwanza:

Naongezea upande wa moshi maana mkuu FundiKambi ameugusa kwa mstari mmoja tu na mimi naona ndio uzito wenyewe.

Hilo shimo mnalochoma lazima life, mtambo upatikane au usipatikane. Marekani walichoma taka kwenye mashimo ya wazi kwenye kambi zao Iraki na Afghanistan miaka mingi, plastiki, rangi, dawa, kila kitu, na wanajeshi wengi wamerudi na magonjwa ya mapafu na saratani, ikabidi mwezi Agosti 2022 isainiwe sheria ya PACT ambayo inawahudumia waliovuta huo moshi. Hao ni watu wazima wenye afya njema waliopimwa kabla ya kupelekwa. Kwenye kambi yenu kuna mwenye pumu, kuna mjamzito, wote wanavuta hewa hiyo hiyo.

Sasa msije mkatoka kwenye shimo mkaingia kwenye kontena linalotoa sumu ile ile kupitia bomba refu. Jambo la kwanza kuuliza ni PVC, yale mabomba magumu ya maji, nyaya za umeme zilizovikwa, baadhi ya mazulia na makoti ya mvua. Ndani yake kuna klorini nyingi, ikiungua inatoa asidi ya haidrokloriki ambayo inakula mapafu na pia inakula chuma cha mtambo wenyewe, na moshi ukipoa taratibu kati ya nyuzi 200 na 450 ndipo daioksini, sumu kali hata zikiwa kidogo sana, zinapojijenga, hasa kukiwa na shaba humo kutoka kwenye nyaya. Ndio maana sheria za Umoja wa Ulaya zinataka gesi za tanuri la taka zikae kwenye nyuzi 850 kwa angalau sekunde 2, na kama taka hatari zina klorini zaidi ya asilimia 1 basi nyuzi 1,100, na daioksini zinazotoka bombani zisizidi nanogramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo. Nanogramu, tena sehemu moja ya kumi yake. Kuipima hiyo kunahitaji maabara ya kweli.

Mitambo mikubwa inafika hapo kwa sababu inawaka mfululizo na ina filta kubwa kuliko tanuri lenyewe. Mtambo mdogo unaowashwa asubuhi na kuzimwa jioni unapitia baridi mara mbili kila siku, na kuwasha na kuzima ndio wakati mchafu kuliko yote. Kwa hiyo msiridhike na picha ya bomba lisilotoa moshi. Daioksini hazionekani kwa macho.

---

Jasiri88:

Mbona mnamkatisha tamaa mwenzenu? Hii kitu ilishafanyika. Jeshi la Marekani walipeleka mitambo ya namna hiyo Baghdad mwaka 2008, ya kubebeka kwenye trela, inaingiza taka za kambi inatoa umeme. Kama ilifanya kazi jangwani kwenye vita itashindikana vipi kambini kwa huyu bwana? Mimi naona tunapenda sana kusema haiwezekani.

---

Mpuliza_Tanuri:

Jasiri88 nashukuru umeitaja, maana ndio mfano mzuri kuliko yote na unafundisha tofauti na unavyofikiri. Ile ni TGER, ilibuniwa na watafiti wa jeshi pamoja na chuo kikuu cha Purdue, mitambo miwili ya majaribio ikapelekwa Camp Victory pale Baghdad na kufanyiwa kazi kama miezi mitatu.

Sasa angalia ilivyopangwa. Hawakutupa kila kitu kwenye tanuri moja. Taka zenye wanga na sukari, mabaki ya chakula na vinywaji, zilikwenda kwenye tangi la kuchachusha zikawa ethanoli, yaani pombe inayowaka. Zile kavu, karatasi, maboksi, plastiki, zilikatwakatwa, zikashindiliwa ziwe peleti, vipande vidogo vigumu, ndipo zikaingia kwenye gasifaya. Gesi na ethanoli zikakutana kwenye jenereta moja ya dizeli ya kilowati 60, tena inaanza kwa dizeli yenyewe halafu polepole dizeli inapunguzwa kadiri gesi inavyokolea. Umeona? Njia mbili ndani ya trela moja, na mashine ya peleti katikati, na wahandisi wabunifu wenyewe wamesimama pembeni. Walijua mbichi na kikavu havikai tumbo moja.

Na hata hivyo ulikuwa mtambo wa majaribio. Sisemi haiwezekani, nasema iliwezekana kwa walioanza na taka, sio na kontena.

Hapo kwenye dizeli kuna jambo FundiKambi alielewe vizuri. Injini ya dizeli haiwezi kutembea kwa gesi peke yake, gesi haijiwashi kwa mgandamizo, lazima dizeli kidogo ipulizwe kila mzunguko kuwasha moto. Mara nyingi gesi inabeba kama asilimia 70 ya kazi na dizeli 30. Ukitaka gesi tupu unahitaji injini ya plagi.

---

Bi_Mbolea:

Jamani naomba niseme kwa niaba ya taka mbichi maana humu ndani zinaongelewa kama adui.

FundiKambi, kambi yenye jiko kubwa kawaida nusu ya uzito wa taka au zaidi ni mabaki ya chakula, na mabaki ya chakula ni maji kwa robo tatu. Kila kilo ya maji unayoiingiza kwenye moto inakula megajuli 2.6 kuchemka na kuondoka kama mvuke, haikupi kitu. Kwa hiyo ukichoma mabaki ya chakula unatumia joto la maboksi kuchemsha maji ya ugali. Watu wa Benki ya Dunia kwenye mwongozo wao wa matanuri ya taka wanasema wastani ukishuka chini ya megajuli 7 kwa kilo usijenge, na isishuke chini ya 6 msimu wowote, na taka zilizojaa chakula na kunyeshewa mvua zinashuka huko kirahisi sana.

Lakini hizo hizo ukizipeleka kwenye tangi la bayogesi maji sio tatizo, maji ndiyo yanayotakiwa. Tani moja ya mabaki ya chakula inatoa kama mita 100 za ujazo za gesi, kwa hiyo nusu tani yenu ni mita 50 kwa siku. Kila mita moja ina yuniti 6 za joto. Mkiipeleka kwenye jenereta mtapata yuniti kama 100 za umeme, lakini mimi ningeshauri msiigeuze umeme kabisa, ipelekeni jikoni moja kwa moja, mita 50 inafanya kazi ya kilo 22 au 23 za gesi ya mtungi kila siku. Kupikia hupotezi theluthi mbili kwenye injini. Jiko lenu linapika kwa nini sasa hivi?

Ila niwe mkweli kuhusu kuhamahama, hapa bayogesi ina udhaifu wake. Vijidudu vinataka joto la nyuzi 35 hadi 40, vinataka kulishwa kila siku kiasi kile kile, na chakula kinakaa tangini kama siku 30. Nusu tani ya chakula ukichanganya na maji nusu tani ni mita moja ya ujazo kwa siku, mara siku 30, tangi la mita 30, na kontena la futi 20 ndani lina mita 33 tu. Yaani tangi peke yake limelimaliza kontena, gesi itahifadhiwa kwenye puto pembeni. Na likijaa lina tani 30, hulihamishi bila kulimwaga. Ukilimwaga unaanza upya, wiki kadhaa kabla gesi haijakaa sawa. Kuna kampuni zimewahi kuuza matangi ya namna hii ndani ya makontena, SEaB Energy ya Uingereza ni mojawapo, lakini hayo yanabebwa yakiwa matupu na kukaa mahali. Kama kambi yenu inakaa mwaka na zaidi inafaa. Kama mnahama kila baada ya miezi miwili, hapana.

---

Msomaji_Kimya:

Samahani naingilia kati, na ile ya kugeuza plastiki kuwa mafuta je? Nimeona video mtu anapika mifuko kwenye pipa anapata dizeli anaweka kwenye pikipiki.

---

Mpuliza_Tanuri:

Hiyo ni pairolisisi, unapika bila hewa kwenye nyuzi 400 mpaka 600 hivi. Plastiki ya mifuko na madumu, polithini na polipropilini, ina joto la megajuli 43 na kuendelea kwa kilo, karibu sawa na dizeli, kwa hiyo mafuta yanatoka kweli. Lakini ni lazima ziwe hizo tu. Chupa za maji za PET zinatoa asidi ambazo zinaganda kwenye bomba la kupoozea na kuliziba, na bomba likiziba pipa lina moto chini, unajua kinachofuata. PVC inatoa asidi inayokula chuma. Na hewa ikivuja ndani wakati mvuke umejaa ni mlipuko. Kwa kweli video za mapipa zinanipa hofu, watu wameungua. Kwa kambi yenye madumu machache kwa wiki haina maana, yakusanyeni yauzwe.

---

FundiKambi:

Wakuu nimesoma yote mara mbili, nashukuru sana. Ile hesabu ya yuniti 2,400 nimeipeleka kwa wakubwa jana, chumba kilinyamaza, halafu mmoja akauliza kwa nini hatukuipiga sisi wenyewe mapema.

Bi_Mbolea, jiko linapika kwa gesi ya mitungi, inakuja na lori lile lile la dizeli. Nilikuwa sijawahi kuunganisha hayo mambo mawili kichwani.

Nikafanya jambo lingine, nimewaomba watu wa usafi tumwage taka za siku nzima juu ya turubai tukazipima kwa mafungu. Chakula peke yake kimepita nusu ya uzito. Maboksi, karatasi na mbao ni kama robo. Plastiki nyingi kwa macho lakini kwenye mizani ni kidogo, sehemu moja ya kumi hivi. Kilichobaki nguo, vioo, makopo, mchanga wa kufagia, na betri. Betri ndogo ndogo za tochi zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, zimejificha ndani ya mabaki ya chakula. Na kitu kingine, maboksi yaliyokuwa chini ya mfuko yalikuwa yameloa mchuzi kabisa, ukiyaminya yanatoa maji, yale ya juu makavu safi. Boksi ni lile lile.

Sasa kambi inatarajiwa kukaa miaka miwili hivi. Muuzaji anarudi. Nimwambie nini? Na hizo sehemu kavu zinaweza kutoa kiasi gani zikitengwa?

---

Mpuliza_Tanuri:

Hiyo kazi ya turubai mkuu ndiyo kazi yenyewe, wengi wananunua mtambo bila kuifanya. Irudieni siku ya mvua na siku ya kawaida, taka za siku moja zinadanganya.

Tuchukue kilo 350 za maboksi, karatasi, mbao na plastiki safi isiyo na PVC. Zikiwa kavu hazikosi megajuli 15 kwa kilo, jumla megajuli 5,250, sawa na yuniti 1,458 za joto. Asilimia 70 kwenye gesi, robo kwenye injini, toa moja ya tano ya matumizi ya mtambo, mnabaki na yuniti kama 200 kwa siku. Linganisha na ile tani nzima iliyotoa 310 kwenye karatasi, ambayo kwa taka zenu zenye chakula zaidi ya nusu isingefika hapo hata siku moja. Jenereta ya dizeli inatoa kama yuniti 3 na kitu kwa lita, kwa hiyo hizo 200 ni lita 60 za dizeli zisizoletwa na lori kila siku. Na upande wa jikoni mitungi inapungua. Hizo ni namba za kweli za kusimama nazo mbele ya wakubwa, na zote mbili zinaanzia kwenye ndoo mbili jikoni, ya mabaki na ya kavu. Boksi lisikutane na mchuzi, basi. Ukishaliloweka huwezi kulikausha bila kulipia.

Joto la kukaushia lipo bure lakini, injini inatupa theluthi nzima ya nguvu yake kwenye ekzosi na karibu nyingine kwenye rejeta. Mtambo ulioundwa vizuri unarudisha hilo joto kwenye kikaushio. Muulize muuzaji ekzosi yake inaenda wapi, kama inaenda hewani moja kwa moja ujue hajawahi kukutana na taka mbichi.

Mengine ya kumuuliza. Kilowati alizoandika ni za jenereta au zinazobaki baada ya mtambo kujilisha? Afunge mita mbili, moja kwenye jenereta na nyingine kwenye matumizi ya ndani, na ya tatu ya dizeli. Gesi yake ina lami kiasi gani kabla ya kuingia injini, kwa injini za kawaida isizidi miligramu 100 kwa mita ya ujazo na ikiwa chini ya 50 ndio unalala usingizi. Akikujibu "hakuna lami kabisa" mwambie afungue filta mbele yako baada ya kazi ya siku nzima. Nani anabadilisha meno ya mashine ya kukatakata, yanapatikana wapi. Wahudumu wangapi kwa zamu, maana mtambo mdogo unakula watu, hauachwi peke yake. Na cha msingi kabisa, jaribio lifanyike kwa taka ZENU, za turubai lile, siyo za kiwandani kwake, siku kadhaa mfululizo, na malipo yafuate matokeo. Asiyekubali hilo hamumhitaji.

Kingine msikisahau, gesi ya gasifaya ina kaboni monoksaidi kama asilimia 20. Haina rangi, haina harufu, inaua mtu akiwa amesinzia. Kontena lazima liwe na vitambuzi vya gesi vyenye king'ora, milango yenye matundu, na lisiegeshwe karibu na mahali pa kulala hata kama kebo itakuwa ndefu. Hapo sibishani na mtu.

---

Afya_Kwanza:

Naunga mkono hilo la mwisho kwa mikono miwili. Na betri mzitenge kuanzia leo leo, ndoo yake yenye mfuniko, zisiingie popote penye moto wala kwenye tangi la Bi_Mbolea, zina metali nzito. Nyaya na mabomba vilevile. Na taka za zahanati, kama mnayo, hizo ni habari nyingine kabisa, zisichanganywe na hizi hata kidogo.

---

Jasiri88:

Sawa nimeelewa, nilikuwa nimeisoma ile habari ya Baghdad juu juu. FundiKambi ukifanya hilo jaribio turudishie namba hapa, tafadhali, hata kama ni mbaya.

---

FundiKambi:

Nitazileta. Muuzaji nimeshamwandikia masharti ya jaribio na mita tatu, hajajibu bado. Ndoo mbili zimeanza jikoni, wapishi walilalamika siku ya kwanza, sasa wenyewe wanagombeza anayekosea. Shimo tumekubaliana plastiki haichomwi tena, inafungwa inasubiri lori linalorudi tupu. Bayogesi tunaanzia hapo, wakubwa wamekubali tangi dogo la majaribio. Bi_Mbolea, nianze na nini? Na ule uji unaotoka unaenda wapi?

---

Bi_Mbolea:

Anza na kinyesi cha ng'ombe kama kipo karibu, jaza tangi nacho kikiwa kimechanganywa na maji, ndicho chenye vijidudu. Mabaki ya chakula ingiza kidogo kidogo baada ya gesi kuanza kuwaka vizuri, ongeza kila wiki. Ukiharakisha asidi inapanda, vijidudu vya methani vinakufa, tangi linanuka na gesi haiwaki. Nunua karatasi za kupimia pH, ikae kwenye 7 hivi, ikishuka chini ya 6.5 acha kulisha mpaka ipande. Kata mabaki yawe madogo, mifupa mikubwa toa, mafuta ya kukaangia usimwage ndoo nzima kwa mpigo.

Gesi ikitoka ipitishe kwenye chombo chenye vyuma vya kutu, vile vipande vinavyotoka kwenye mashine ya kukereza chuma au hata nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zilizoshika kutu, inanasa salfa, la sivyo majiko yenu yataliwa. Uji unaotoka ni mbolea nzuri, shambani au kwenye miti, si kwenye mfereji.

Na mkija kuleta gasifaya baadaye, yale maji ya kuoshea gesi ni kitu tofauti kabisa na uji wangu, yana fenoli na lami, ni sumu. Msiyachanganye wala kuyamwaga ardhini karibu na kisima. Muulize muuzaji anayapeleka wapi, aandike kwenye mkataba.